Nyama tupu, vyuma na vipimo vya damu: niliyoyaona mwilini mwangu

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Watu wengi wananiuliza kama ni kweli ukila nyama peke yake kitambi kinaondoka na sukari inatulia. Wapo wanaoapa kuwa ni tiba ya kila kitu, wapo wanaosema figo zitakufa ndani ya mwezi. Mimi nimekula hivyo kwa miezi kadhaa huku nikipiga tizi, nikapima damu kabla ya kuanza na nikiwa katikati, kisha nikaacha na kubakiza baadhi ya mambo. Nashusha yote hapa. Ni marefu, mnivumilie.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusizungushane: faida kubwa niliyoipata ilitokana na vitu nilivyoviondoa mezani. Nyama ilifanya kazi ya kunishibisha ili nisivirudie.

Nilikuwa nakula nyama ya ng'ombe, kuku na ngozi yake, samaki, mayai, ini mara moja moja, chumvi na maji. Basi. Hakuna mkate, wali, soda, juisi, biskuti, matunda wala mboga. Chai bila sukari.

Siku za mwanzo mzani unashuka kwa kasi na hapo ndipo watu wanapoanza kutangaza muujiza. Twende taratibu. Mwili wa mtu mzima unahifadhi wanga kwenye misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 hivi, na kila gramu moja inashikilia takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga, akiba ile inatumika na maji yake yanaishia chooni. Kwa hiyo kilo mbili za kwanza usizihesabu kama mafuta. Ukila sahani moja kubwa ya wali zinarudi, na wala hujanenepa.

Maji hayo yanaondoka na chumvi. Insulini (homoni inayodhibiti sukari ya damu) ikishuka, figo zinaachia sodiamu kwa wingi, ndiyo maana watu wanalalamika kichwa kuuma, kizunguzungu wakisimama ghafla na vigimbi kukaza usiku. Mimi vilinikaza kweli, naamka usingizini nimeshika mguu. Mchuzi wa mifupa wenye chumvi ulinisaidia. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asiige hilo la chumvi, aongee na daktari wake kwanza.

Mleta uzi (naendelea)

Sasa hili la mafuta, maana wengi wanaanguka hapa. Mtu anaamua kula nyama tupu halafu anaogopa mafuta, anachagua kifua cha kuku kilichochunwa ngozi. Nilijaribu nione. Unatafuna mpaka taya zinachoka, tumbo limejaa linauma, na bado unajisikia hujala. Unarudi jikoni, unaongeza kipande, hali ni ileile. Ikifika jioni kichefuchefu, na usiku unaharisha. Nikirudi kwenye nyama yenye mafuta yake mwili unatulia.

Jambo hili linajulikana siku nyingi. Mwaka 1928 mvumbuzi wa Aktiki, yaani nchi za barafu za kaskazini ya dunia, Vilhjalmur Stefansson na mwenzake Karsten Andersen waliingia hospitali ya Bellevue, New York, ili wachunguzwe wakila nyama tupu, na waliendelea hivyo kwa mwaka mzima. Stefansson alipopewa nyama isiyo na mafuta, ndani ya siku chache tu alianza kuharisha na kusikia kichefuchefu. Alipoongezewa mafuta akapata nafuu. Sababu ni kwamba ini lina kikomo cha kugeuza naitrojeni ya protini kuwa urea. Huwezi kuishi kwa protini peke yake, lazima nguvu itoke kwenye mafuta au wanga. Wanaume wale wawili walikuwa wanapata sehemu kubwa kabisa ya nguvu yao kwenye mafuta. Kwa hiyo lishe hii, ukiitazama vizuri, ni lishe ya mafuta iliyosindikizwa na nyama.

Kuhusu njaa: hapo naisifia bila kusita. Kula mara mbili kwa siku kulitosha na sikuwa nafikiria chakula katikati. Protini inashibisha kuliko vyakula vingine, na mwili unatumia asilimia 20 hadi 30 ya nguvu yake katika kuisaga na kuishughulikia, wakati kwa wanga ni kama asilimia 5 hadi 10.

Lakini jiulizeni, nilikuwa nimeacha nini? Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, walichapisha utafiti wa watu 20 waliokaa hapohapo kituoni. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa, wakaambiwa wale wanavyotaka. Milo yote ilipangwa ilingane sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kwenye vile vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka uzito. Mla nyama tupu anaviondoa vyakula hivyo vyote kwa mkupuo mmoja, anapungua, halafu anaisingizia karoti.

Na mwaka 2018 Christopher Gardner wa chuo kikuu cha Stanford alitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12, nusu wakipunguza mafuta, nusu wakipunguza wanga. Makundi yote yalisisitiziwa mboga kwa wingi na kuachana na sukari na unga mweupe. Tofauti ya kilo mwishoni ilikuwa ndogo, haina maana kitakwimu: kama kilo 5.3 kwa 6. Mimi utafiti huo ulinifungua macho kuliko mahubiri yoyote ya mtandaoni.

Mpenda vyuma

Mkuu mleta uzi, naheshimu andiko lako ila hapa kwenye mboga unakwepa. Mboga zina sumu za kujilinda, ndiyo maana watu wanavimba matumbo. Jamii za Inuti huko Aktiki zimeishi kwa nyama na samaki vizazi na vizazi, hazikuwa na kachumbari. Mimi nipo mwaka wa pili nyama tupu, nguvu zimepanda, viungo havinisumbui tena.

Mleta uzi

Mpenda vyuma, karibu, na hongera kwa viungo kupona, hilo sina sababu ya kulipinga. Tatizo langu ni kumpa mtu mwingine sababu isiyo yake.

Wainuti walikuwa wanakula mnyama mzima. Ngozi ya nyangumi, ini, nyama mbichi au iliyogandishwa, na hivyo vina vitamini C. Moto mkali unaiharibu. Mtu wa leo anayekula nyama ya misuli iliyoiva kabisa kila siku hajafuata njia yao. Upungufu wa vitamini C ukikolea ndio kiseyeye: fizi kutoka damu, vidonda kutopona, michubuko isiyo na sababu. Kinaweza kuanza kuonekana baada ya mwezi mmoja hadi mitatu ya kukosa kabisa. Kipande cha ini kinasaidia, ila nacho kina vitamini A nyingi sana, kukila kila siku si salama, na mjamzito anatakiwa akiepuke.

Kuhusu sumu: ni kweli maharage mabichi yana lektini zinazoweza kukulaza kitandani. Ukiyaloweka na kuyachemsha vizuri zinaharibika. Mchicha una oksaleti, ukiuchemsha na kumwaga maji inapungua sana. Jiko lilishamaliza kazi hiyo zamani.

Mama wa wawili

Mimi naomba nichangie kwa upande wa tumbo. Nilisumbuka miaka na tumbo kujaa gesi, nikila chochote mchana jioni nguo hazifungi. Nilikula nyama, mayai na samaki tu kwa wiki chache na gesi ikaisha kabisa. Nililia kwa furaha, nawaambia ukweli. Sasa naogopa kurudisha chochote, na mume wangu ananiambia siwezi kuishi hivi. Kaka mleta uzi, nifanyeje?

Mleta uzi

Pole sana dada yangu. Nafuu uliyoipata ni ya kweli. Inawezekana kabisa umeondoa aina za wanga zinazochachuka utumbuni, ambazo kwa watu wenye utumbo mwepesi kuchokozeka huleta gesi na maumivu. Watafiti wa chuo kikuu cha Monash, Australia, ndio walioanzisha lishe ya kuzipunguza. Wahusika wakubwa ni vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano, maharage, maziwa kwa wengine, na baadhi ya matunda kama tufaha.

Lishe yenyewe imepangwa iwe ya muda mfupi. Unaondoa kwa wiki kadhaa, kisha unarudisha kimoja kimoja, kidogo siku ya kwanza, zaidi siku inayofuata, unaandika kwenye daftari tumbo linasemaje. Anza na vile ambavyo kwa kawaida havichokozi: wali, viazi, karoti, tango, machungwa. Kitunguu kiache mwisho. Watu wengi wanakuta wakorofi ni wawili watatu tu, vingine vyote vinarudi mezani. Na kama kuna damu kwenye choo, unapungua bila kukusudia, au maumivu yanakuamsha usiku, nenda hospitali kwanza, hayo hayatibiwi kwa lishe.

Mkimbiaji wa alfajiri

Mleta uzi hujagusa mazoezi na mimi ndiyo nilikuwa nayasubiri. Nakimbia masafa marefu. Nilipokata wanga mwendo wa polepole ulikuwa sawa tu, lakini ukija mwendo wa kasi nakatika vibaya. Wenzangu wanasema nivumilie mwili uzoee. Umeonaje wewe?

Mleta uzi

Nilikuwa nakuja huko mkuu.

Kwenye vyuma sikuona shida kubwa. Seti fupi nzito, marudio matano, mapumziko marefu: nguvu ilibaki na hata ikaongezeka kidogo, kwa sababu nilikuwa napata protini ya kutosha na nalala vizuri. Shida ilikuja kwenye mbio fupi za kupanda mlima. Ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu unaanza kusikia. Kuanzia hapo mapafu yapo tayari, moyo upo tayari, ila miguu haijibu. Unaiamuru iende, inakokota. Wiki zikapita, wepesi wa mwendo wa polepole ukarudi lakini ile kasi ya mwisho haikurudi.

Maelezo yake ni haya. Mafuta yana nguvu nyingi lakini yanachomwa taratibu na yanadai oksijeni zaidi. Kazi ya kasi inategemea glaikojeni, na wewe umeikausha. Louise Burke wa Australia aliwafanyia utafiti watembeaji wa mashindano wa kiwango cha dunia, ukatoka mwaka 2017. Waliokula mafuta mengi na wanga kidogo sana walizoea kweli kuchoma mafuta, lakini walihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo uleule, na muda wao wa mashindano haukuboreka ingawa walikuwa wanafanya mazoezi makali. Waliokula wanga waliboreka. Kwa hiyo kama unashindana, wanga wako usiuguse. Kama unatembea na kunyanyua vyuma kwa ajili ya afya, hutaona tofauti kubwa.

Halafu vyuma ni lazima wakuu, kwa lishe yoyote ile. Unapopungua, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli. Usiponyanyua, unakuwa mwembamba lakini dhaifu, na uzito ukirudi unarudi zaidi kama mafuta.

Soseji asubuhi

Mimi nafuata nyama tupu ila kwa kuwa niko kazini muda wote natumia soseji na nyama za kopo. Nimepungua vizuri tu. Kuna ubaya?

Mleta uzi

Hapo nakusihi ubadilishe. Mwaka 2015 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO (Shirika la Afya Duniani), liliweka nyama za kusindika katika kundi la kwanza, yaani ushahidi kwamba zinasababisha saratani kwa binadamu unatosha. Kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku zilihusishwa na ongezeko la asilimia 18 la hatari ya saratani ya utumbo mpana. Ni hatari ya kulinganisha, kwa mtu mmoja mmoja bado ni ndogo, lakini wewe huli gramu 50, ndiyo chakula chako chote. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kundi la pili A, yaani kuna uwezekano mkubwa kwamba inasababisha. Chemsha mayai usiku, choma samaki au kuku, beba kwenye chombo.

Natumia insulini

Wakuu, nina kisukari, nachoma insulini asubuhi na usiku, na kuna kidonge pia. Nimesoma uzi wote na nataka kuanza kesho. Sukari yangu haishuki chini ya 12 mmol/L.

Mleta uzi

Ndugu yangu, usianze kesho. Kata wanga huku dozi ya insulini ikiwa ileile na sukari itaporomoka, unaweza kuzimia ukiwa umelala. Dozi inapangwa upya kabla hujagusa chakula. Pia angalia jina la kidonge: kama ni cha familia ya empagliflozin au dapagliflozin, kukata wanga kunaongeza hatari ya damu kujaa tindikali ya ketoni, zile zinazotengenezwa mwili ukichoma mafuta. Na insulini usiiache mwenyewe hata siku moja.

Muuguzi wa zamu

Naongezea hapo kwa mkazo. Kwa vidonge hivyo tindikali inaweza kujaa hata kipimo cha sukari kikiwa hakijapanda sana, kwa hiyo mgonjwa anajiona yuko salama. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu na haraka, kuchoka kupita kiasi. Ukiona hayo usisubiri asubuhi. Wa dawa za presha na nyie msikilize: ukipungua na kumwaga chumvi presha inashuka, dozi ya zamani inakuwa kubwa, unaanguka bafuni. Kupunguza wanga kwa kiasi, chini ya usimamizi, kunawasaidia wengi wenye kisukari cha aina ya pili, hilo tunaliona. Tunachokataa ni kujianzishia.

Mpenda vyuma

Nakubali hapo kwa wagonjwa. Ila mleta uzi hujasema kwa nini uliacha kama mambo yalikuwa mazuri.

Mleta uzi

Vipimo ndivyo vilivyoniachisha.

Karatasi ya maabara ilikuja na habari nzuri juu: trigliseraidi (mafuta ya kwenye damu) chini, HDL (kolesteroli nzuri) imepanda kidogo, sukari ya kufunga safi. Lakini mstari wa LDL (kolesteroli mbaya) ulikuwa umevuka 190 mg/dL, kiwango kinachohesabiwa kuwa juu sana. Nikarudia kipimo, kilekile. Kabla ya kuanza nilikuwa wa kawaida.

Najua utajibu kwamba trigliseraidi zikiwa chini LDL haina neno. Nimeisikia hoja hiyo na siikubali. Watu wanaozaliwa na hitilafu ya kurithi inayopandisha LDL wanaugua moyo mapema, hata wengine wakiwa wembamba. Wanaozaliwa na LDL ya chini wanaugua kidogo. Dawa zinazoishusha zinapunguza mshtuko wa moyo. Ushahidi umetoka pande tofauti ukakutana mahali pamoja. Hata ule uchunguzi wa watu zaidi ya 2,000 wanaokula nyama tupu uliochapishwa mwaka 2021, ambao wengi wanautumia kama utetezi, ulitegemea majibu ya wahusika wenyewe, na waliotoa vipimo vyao LDL ilikuwa juu. Wengi walisema wameridhika na wanajisikia vizuri. Nami nilijisikia vizuri. Mshipa unaoziba taratibu hauumi.

Niliporudisha maharage, oti, mboga na matunda, nikapunguza mafuta ya wanyama, LDL ilishuka. Kiuno kilibaki palepale.

Kidole gumba

Nina jongo. Wiki ya pili ya nyama tupu kidole kikubwa cha mguu kiliwaka moto, hata shuka siwezi kuliweka juu yake. Inahusiana?

Mleta uzi

Pole mkuu. Ndiyo, inaweza kuhusiana kwa njia mbili. Nyama, hasa ini, figo na dagaa, zina purini ambazo mwili unazigeuza kuwa asidi ya yuriki. Na siku za mwanzo za kukata wanga, ketoni zinashindania njia moja na asidi hiyo kutoka kwenye figo, kwa hiyo inabaki kwenye damu. Acha lishe hiyo, kunywa maji, mwone daktari. Mwenye historia ya mawe ya figo naye akae nayo mbali.

Mama wa wawili

Asante sana kaka kwa majibu. Naanza na wali na karoti wiki hii. Swali la mwisho: wewe sasa unakula na kufanya mazoezi vipi, na anayetaka kuanza apime nini?

Mleta uzi

Dada, nimebaki na protini kila mlo: mayai, samaki, kuku, maharage, nyama nyekundu mara chache kwa wiki. Nalenga kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa kuwa nanyanyua vyuma. Asiyenyanyua, pungufu ya hapo inamtosha. Mboga na matunda nafika zile gramu 400 kwa siku ambazo WHO inashauri, mara nyingi napita. Wanga naula karibu na mazoezi, na kasi ya kupanda mlima imerudi. Vinywaji vya sukari na vitafunwa vya pakiti sikuvirudisha.

Mazoezi ni vyuma mara tatu kwa wiki: skwati, kuvuta, kusukuma, kuinua kutoka chini. Siku nyingine natembea haraka. WHO inataka angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili. Na ukitembea baada ya mlo, sukari ya damu haipandi sana.

Vipimo kabla ya kubadilisha lishe yoyote kubwa: vipimo vinne vya mafuta ya damu (kolesteroli jumla, LDL, HDL na trigliseraidi), sukari ya kufunga na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari), kreatinini kwa ajili ya figo, vimeng'enya vya ini, asidi ya yuriki, na presha. Rudia baada ya miezi mitatu kwa sababu HbA1c inaonyesha wastani wa kipindi hicho, na uende maabara ileile ukiwa umefunga saa zilezile ili namba zilinganishike.